Mashine ya Robo Saa

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mashine ilizimika tena. Mama Mafuta aliisikia kutoka kibandani mwake, ng'ambo ya ukuta wa kituo cha afya. Kwanza ilipandisha sauti, ikalia nyembamba kama mtoto aliyenyang'anywa kitu; kisha ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Mkono wake ulisimama juu ya faneli. Mteja aliyekuwa mbele yake, dobi wa mtaa wa pili, alitazama pembeni kwa adabu, kama mtu aliyemwona jirani akijikwaa.

Mshona viatu wa kibanda cha ubavuni hakuwa na adabu ya namna hiyo. Aliinua sindano yake juu na kutangaza kwamba kengele imelia, watoto watoke darasani.

"Shemeji," alisema, "mimi saa yangu nimeiuza. Ya nini, na mumeo yupo?"

Dobi alicheka, akajuta, akalipa, akaondoka. Mama Mafuta alipangusa kipimo kwa kitambaa. Jina lilikuwa limekwisha kushika. Wiki tatu zilizopita mumewe alikuwa akiitwa kwa jina la baba yake. Sasa wagonjwa kwenye foleni, wauguzi, na hata mlinzi wa lango walimwita Bwana Robo Saa. Mwenyewe alitabasamu kila alipoitwa. Mkewe alilijua tabasamu lile. Ni la mtu aliyekanyagwa kidole na mkubwa wake.

Mashine ile ya kukatia nyasi ilikuwa na ratiba kuliko daktari. Asubuhi iliwaka kwa mvuto mmoja wa kamba. Ilinguruma vizuri na kurusha majani mpaka ukutani. Baada ya robo saa ililia nyembamba, ikazimika. Ukiivuta kamba papo hapo, ungevuta mpaka bega liteguke, isiwake. Ukiiacha dakika kumi, iliwaka kana kwamba hakuna lililotokea. Mumewe aliamini ni joto. Alitembea na ndoo ya maji na vitambaa, na kila ilipozimika aliifunika kwa kitambaa kibichi, akaketi kando yake kama mtu anayeuguza. Wagonjwa walisema mashine ina homa. Muuguzi mmoja alimletea kipimajoto.

Kicheko ni cha kuvumilia. Ijumaa ndiyo iliyomnyima Mama Mafuta raha. Kituo kilimpa mumewe mwezi mmoja wa majaribio, na mwezi ulikuwa unaisha Ijumaa. Akifaulu, angepata mkataba wa mwaka mzima wa kukata nyasi za kiwanja chote, kuanzia langoni hadi nyuma ya wodi ya wazazi. Asipofaulu, kazi ingekwenda kwa vijana wawili wenye mashine mpya, ambao walikuwa wamekwisha kuja kupima kiwanja kwa hatua huku yeye ameketi na kitambaa chake. Naye angerudi machimboni. Nyapara wa machimbo ya mawe alikuwa amempigia simu: lori linaondoka Jumatatu, nafasi ipo, aseme haraka.

Kibanda cha mafuta kiliweza kuwalisha. Hakikuweza kuwalipia watoto wawili shule ya bweni, wala dawa za kifua za mama mkwe. Lakini Mama Mafuta hakuogopa njaa. Aliogopa ile miaka minne ya machimbo, mume akija mara mbili kwa mwaka, akibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, akiuliza sukari inawekwa wapi. Mgeni mwenye ufunguo. Mara ya mwisho mama yake alipolazwa, alifika siku ya tisa. Alimkuta mgonjwa amekwisha kurudi nyumbani na anapepeta mchele, akasimama mlangoni na mfuko wa machungwa ya kumwona mgonjwa, akiona haya kuutoa.

Ng'ambo ya ukuta mashine iliwaka. Mshona viatu alilitazama jua, kwa kuwa saa hakuwa nayo.

"Haya," alisema. "Kipindi cha pili."

*

Jumatano alasiri Mama Mafuta alifunga kibanda mapema, wakaenda pamoja kwa fundi pikipiki. Mumewe hakumwomba, wala hakumkataza. Yeye alibeba mashine begani. Mkewe alibeba chupa ya petroli iliyochanganywa na oili. Ilikuwa safari ya tatu. Safari ya kwanza fundi alibadilisha plagi. Ya pili alifungua kabureta, akaisugua kwa mswaki, akapuliza kila tundu kwa mdomo mpaka mashavu yakamuuma. Mara zote mbili mashine ilinguruma karakanani bila kukohoa, na mara zote mbili ilizimika kiwanjani baada ya robo saa.

Fundi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye viganja vidogo kuliko mwili wake. Aliilaza mashine mezani, akafungua kifuniko cha tangi, akakitupa kwenye sahani ya skrubu kama alivyofanya safari zote, akajaza petroli. Alitaka kuiona inavyoshuka, alisema. Jicho la fundi halifunikwi. Akavuta kamba. Mashine ikawaka. Wote watatu wakaitazama, kama watu wanaosubiri maji yachemke.

Robo saa ikapita. Nusu saa ikapita. Kelele haikupungua hata kidogo, na kwa kila dakika Mama Mafuta alimwona mumewe akizidi kuinama. Hakuna aibu kama ya kumpeleka mgonjwa kwa daktari, mgonjwa akafika na kuanza kucheza.

Fundi aliizima mwenyewe.

"Kaka, mashine hii ni nzima kuliko mimi," alisema. "Mimi hata ngazi sipandi bila kupumzika."

"Kesho itazima."

"Sibishi. Lakini natibu ninachokiona." Fundi alisita, akatafuta neno lisilochoma, akalikosa. "Labda namna unavyoishika. Wengine huibana sana."

Mumewe alisema labda. Mtu aliyevunja mawe miaka minne, ambaye angeweza kukata nyasi huku amefumba macho, alisema labda, na akashukuru. Mama Mafuta aliikazia macho pikipiki iliyoning'inizwa kwa mnyororo ili asiutazame uso wake. Alipofungua pindo la nguo kutoa pesa, fundi aliufumba mkono wake, pesa ikiwa ndani.

"Hapana, shemeji. Silipwi kwa kumtibu asiyeumwa. Ikifa kabisa nileteeni, nitafurahi."

Alirudisha kifuniko, akakikaza kwa nguvu zake zote, akaipangusa mashine kama mali yake.

Kwenye kona ya pili mumewe aliihamishia mashine bega la pili.

"Ana roho nzuri," alisema mumewe.

"Anayo."

"Ningependa angekuwa mbaya. Ningepata wa kugombana naye."

*

Mashine ililala ndani, katika chumba cha mbele, kwa sababu barazani vitu vilikuwa vimeanza kuota miguu: kwanza baiskeli ya dobi, kisha toroli la jirani. Chumba hicho ndicho alichokuwa akilala mama mkwe. Kitanda chake kilikuwa hatua mbili tu kutoka ilipoegeshwa mashine, na siku za mwanzo harufu ya petroli ilimkalia kifuani. Alikohoa usiku kucha, siku mbili mfululizo, akasema ni vumbi.

Mama Mafuta hakubishana na mkwewe. Siku ya tatu aliichunguza mashine mwenyewe, akagundua kwamba kifuniko cha tangi kilikuwa na kitundu chembamba katikati, kama kilichotobolewa kwa sindano. Harufu ilitokea hapo. Aliona haya kwa niaba ya waliokitengeneza. Akachukua wembe, akakata maduara mawili ya nailoni nyeusi, kila moja kama sarafu, akayapachika ndani ya kifuniko chini ya mpira wake, akayabana kwa ukucha mpaka usingejua kama si sehemu ya kifuniko. Hivyo ndivyo alivyoziba kila dumu kibandani mwake, na hakuna dumu lake lililowahi kuvuja tone. Harufu ikakoma. Kikohozi kikakoma. Hakumwambia mumewe, maana hakuona cha kusema. Nani hutangaza kwamba ameziba chombo kinachovuja?

Mama mkwe, Bibi kama watoto walivyomwita, ndiye aliyekuwa hajasahau. Jioni ile ya Jumatano, wakichambua mboga uani, alimgusa mkwewe gotini.

"Mwanangu, Mungu akupe. Tangu uizibe ile mashine, nalala mpaka jogoo. Mtu wa umri wangu akilala hivyo, huamka akijipapasa kama yu hai."

"Na leo ulijikuta hai?"

"Nilimsikia mwanangu anaitukana mashine. Nikajua bado niko duniani."

Walicheka. Kisha wakasikia kitu kikiburutwa chumbani, wakaacha kucheka. Kila mmoja aliijua sauti ya ule mkoba wa safari za machimboni ukitolewa chini ya kitanda.

Mumewe aliwaeleza wakati wa chakula. Msimamizi wa kiwanja alikuwa amemwita. Hakuwa mkali, alikuwa mtu wa daftari, na kwenye daftari lake aliandika kila mara mashine ilipozimika, saa na dakika. Alisema kazi anaiona ni safi, lakini kituo hakiwezi kuweka mkataba na bahati. Ijumaa atafunga daftari. Mumewe aliulizia pia mashine ya kukodi, akakuta kodi ya siku moja inazidi ujira wa siku mbili. Alisimulia yote hayo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

"Nitakwenda miezi sita tu," alimaliza.

"Mara ya kwanza pia ilikuwa miezi sita," alisema mkewe.

"Safari hii naijua njia ya kurudi."

"Njia ulikuwa unaijua. Nauli ndiyo hukuwa nayo."

Bibi alikuwa akila taratibu, macho kwenye sahani. Alimeza, akajifuta mdomo.

"Ukienda, usiniletee machungwa," alisema.

Mkoba ulikaa mlangoni, mdomo wazi.

*

Alhamisi asubuhi kichwa cha Mama Mafuta hakikuwa kibandani. Mafuta ya kupikia aliyauza kwa kipimo, kutoka dumu la lita ishirini lililotiwa koki chini. Kazi hiyo mikono yake iliifanya bila yeye: wa kushoto ulilegeza kifuniko cha juu, wa kulia ukafungua koki, na mteja akishaondoka, wa kushoto ukakaza tena. Kwa miaka sita hakuwahi kujiuliza kwa nini. Siku ile mkono wa kushoto ulikuwa umeshika shavu.

Mteja alikuwa mshona viatu, na kichupa chake. Mama Mafuta alifungua koki. Mafuta yalitoka vizuri, kisha yakawa uzi, kisha dumu likaguna tumboni na uzi ukakatika. Mbavu za dumu zilikuwa zimebonyea kwa ndani.

"Hata mafuta yako, shemeji," alisema mshona viatu. "Naona yameambukizwa na Robo Saa."

Alimchekea kidogo, kwa kuwa ni mteja, akapeleka mkono wa kushoto kwenye kifuniko na kukilegeza. Dumu lilivuta pumzi ndefu. Mbavu zake zikarudi kwa kishindo, na mafuta yakashuka.

Wakati huohuo, ng'ambo ya ukuta, mashine ililia nyembamba, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Mama Mafuta alibaki ameshika koki. Kipimo kikajaa, kikafurika, mafuta yakamwagika juu ya miguu yake, na mshona viatu akamwambia mara mbili kabla hajasikia. Kitu kikitoka chini, kingine lazima kiingie juu. Dumu lilidai hewa. Tangi nalo lilikuwa linadai hewa, na kile kitundu cha sindano alichokionea haya ndicho kilichokuwa pua yake. Petroli ilishuka robo saa, kisha ikakosa nafasi ya kushuka. Wakati mashine ikipumzika, hewa ilijipenyeza kidogo kidogo mpaka ikatosha kwa robo saa nyingine. Na kwa fundi? Kwa fundi kifuniko kilikuwa kwenye sahani ya skrubu.

Alifunga koki. Alikaa kwenye kigoda na kupangusa miguu yake, kidole kimoja kimoja, ili apate nafasi ya kufikiri.

Wazo lilimjia likiwa limevaa vizuri. Lilimwambia asubiri jioni. Ukucha mmoja tu, na maduara yatoke. Kesho mashine itanguruma mchana kutwa, sifa zitakwenda kwa plagi mpya, au kwa fundi, au kwa Mungu, na hakuna atakayepungukiwa. Yeye hatakuwa mwanamke aliyemfanya mumewe kichekesho cha mtaa kwa wiki tatu. Wazo lilikuwa zuri, na alilipa muda wake. Kisha akakumbuka neno labda. Akamwona mumewe mbele ya fundi, bega limeshuka, akikubali kwamba huenda hajui kushika mashine. Ikipona kwa siri, neno lile litabaki kwake maisha yake yote, hata mkataba akiupata.

"Nitunzie kibanda," alimwambia mshona viatu.

"Na nikiuza, pesa nitie wapi?"

"Kwenye kopo. Nalijua lina kiasi gani."

*

Alimkuta nyuma ya wodi ya wazazi, ameketi kwenye nyasi alizozikata nusu. Mashine ilikuwa kando yake, imefunikwa kitambaa kibichi. Foleni ya wagonjwa ilikuwa kwenye kivuli cha ukuta, hatua kumi tu, na haikuwa na jambo jingine la kutazama. Alipomwona mkewe, aliinuka kwa wasiwasi, akauliza kama mama ana nini.

"Mama hana neno. Fungua kifuniko cha tangi."

"Petroli ipo, haijafika nusu."

"Najua. Kifungue, usikilize."

Alichuchumaa, akakilegeza. Tangi lilivuta pumzi kwa mluzi mrefu, kama mtu aliyeopolewa majini. Mumewe akaganda na kifuniko mkononi.

"Vuta kamba," alisema mkewe.

"Bado ina joto. Haiwezi kuwaka kabla ya dakika kumi."

"Vuta tu, baba watoto."

Ilivutwa mara moja, ikawaka. Watu wa foleni wakageuza shingo. Mumewe aliiacha ingurume kidogo, akaizima, akamtazama mkewe kama mtu anayesubiri kusomewa barua. Mama Mafuta alikichukua kifuniko, akatia ukucha chini ya mpira, akayatoa maduara mawili meusi, akayaweka kwenye kiganja chake.

"Ni yangu," alisema. "Niliyakata mimi. Harufu ilikuwa inamkohoza mama, nikaziba kama ninavyoziba madumu yangu. Madumu mimi huyalegeza kila ninapouza, na sikufikiri. Fundi hakukosea. Wewe hukukosea. Mkono wako hauna kosa lolote."

Alikuwa amelipanga lote njiani, na lilipokwisha hakuwa na akiba. Mumewe aliyageuza maduara kwa kidole. Yalikuwa yamekatwa vizuri sana.

"Wiki tatu nimeitukana mashine," alisema mwishowe. "Nimemtukana aliyeniuzia. Nimeitukana petroli, nimelitukana jua. Jana nimemtukana fundi moyoni, mtu aliyekataa pesa yetu."

"Basi zamu yangu imefika."

Mumewe alikitazama kile kitundu cha kifuniko.

"Mama analala siku hizi?"

"Analala mpaka jogoo."

"Hakohoi?"

"Hakohoi."

"Basi sina wa kumtukana," alisema, akauinamisha uso wake kwenye kile kitambaa kibichi, akakaa hivyo. Alipouinua ulikuwa umelowa. Na kwa kuwa kitambaa kilikuwa cha maji, hakuna aliyekuwa na haki ya kusema lolote. "Ahsante."

"Ya nini? Ya kukuziba?"

"Ungeweza kuyatoa jioni nisijue."

Mama Mafuta alianza kuokota vitambaa na kuvikamua kimoja kimoja, kwa kuwa havikuwa na kazi tena. Mzee mmoja wa foleni, mguu umefungwa bandeji, aliuliza kwa sauti kama homa imeshuka. Mumewe alimjibu kwamba imeshuka. Muuguzi aliyekuwa dirishani akasema kwamba, kama ni hivyo, anaomba kipimajoto chake.

*

Jioni ile Bibi alipoelezwa, alitaka maduara yaachwe nje kabisa. Alisema kukohoa anajua, alianza zamani. Mkwewe alikataa. Walibishana kwa heshima mpaka mboga ikapoa, na wakafikia makubaliano ya watu wenye akili: usiku tangi lizibwe, asubuhi lizibuliwe. Mumewe alisema atakumbuka. Wanawake wote wawili walimtazama. Bibi akasema kazi hiyo ni yake, maana yeye ndiye anayeamka kabla ya watu.

Ijumaa alfajiri alikitoa kifuniko, akayatoa maduara kwa ukucha wake mgumu, akayafunga kwenye pindo la nguo, pale ambapo wengine hufunga pesa. Alikirudisha kifuniko na kumwambia mwanawe: "Nenda. Inapumua."

Mama Mafuta alifungua kibanda saa mbili. Mshona viatu alikuwa amewahi kuliko yeye, na mbele yake, juu ya soli kuukuu, palikuwa na saa ya mkononi. Alikuwa ameiazima kwa dobi. Hakusema mzaha wowote, na hilo lilimtia Mama Mafuta hofu kuliko mzaha.

Mashine iliwaka. Aliuza kwa wateja wawili, akampa wa pili chenji iliyozidi, wa pili akairudisha. Robo saa ilifika. Mshona viatu aliinua kidole kimoja bila kuinua macho. Ngurumo iliendelea. Ilikwenda mbali upande wa lango, ikarudi, ikazunguka wodi. Nusu saa. Mama Mafuta aligundua kwamba amekuwa akipangusa kipimo kilekile tangu dobi alipopita. Robo tatu ya saa. Mshona viatu alianza kushona tena, polepole, kama mtu anayelijaribu daraja bovu kwa mguu.

Ndipo mashine ilipolia nyembamba, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Sindano ilisimama. Mama Mafuta alishika ukingo wa meza. Alisikia vitu ambavyo kwa wiki tatu hakuwa amevisikia: ndoo ikiwekwa chini, mtoto wa mtu akilia kwa kudungwa sindano, mlango wa wodi. Aliuona mkoba mlangoni, mdomo wazi. Aliliona lori. Dakika moja. Dakika ya pili. Alijua angekaa pale kusikiliza dakika zote kumi, na baada ya hizo kumi asingejua la kufanya.

Kamba ilivutwa mara moja, mashine ikawaka.

Baadaye ndipo alipoelezwa. Petroli ilikuwa imekwisha. Kwa wiki tatu mumewe alikuwa akiijaza mashine mwishoni mwa kila mapumziko, hewa ikiwa imekwisha kujipenyeza, na tangi halikuwahi kukauka. Sasa lilikauka. Mashine ilisimama kwa sababu imemaliza chakula chake, kama mfanyakazi mwingine yeyote, na iliposhiba ikarudi kazini.

"Dakika hamsini na mbili," alisema mshona viatu. Aliifunika saa kwa kiganja na kuvuta pumzi, naye pia. "Shemeji, sasa tutamwitaje? Bwana Dakika Hamsini na Mbili halikai mdomoni."

Ilikubaliwa abaki Robo Saa, na mpaka leo ndiye Robo Saa.

Alasiri msimamizi alifungua daftari lake mbele ya mganga mkuu. Mumewe alilisimulia hilo mara nyingi baadaye, na hakuwahi kulitia chumvi, kwa sababu halikuhitaji. Msimamizi alisoma kwamba mashine ilizimika mara mia moja na themanini na tatu. Aliuliza sababu, akaelezwa, akaomba kukiona kifuniko, akachungulia kile kitundu kwenye mwanga. Kisha akasema kwamba katika siku zote hizo alikuwa akiandika pia ni saa ngapi mkata nyasi aliondoka, na hakuna siku aliyoondoka kabla ya kumaliza sehemu yake. Wale vijana wawili wenye mashine mpya, alisema, hajui wataondoka saa ngapi. Mganga mkuu alitia saini akiwa amesimama, maana alikuwa anasubiriwa na mgonjwa.

Mumewe alipitia kwa fundi kabla ya kurudi nyumbani. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama ile sahani yake ya skrubu kwa muda mrefu, akacheka mpaka akaketi chini. Alisema kwa miaka ishirini amekuwa akiutupa ugonjwa kwenye sahani na kuutibu uzima. Mumewe akampigia nyapara simu kutoka hapohapo karakanani, akamshukuru kwa kumkumbuka, akamwomba nafasi ampe mwingine mwenye shida.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika. Mama Mafuta na mkwewe walikuwa chumba cha mbele. Bibi alikuwa anafungua pindo la nguo yake ili atoe maduara, na mkwewe alikuwa amekinga kiganja. Mlango ulifunguliwa bila hodi. Mumewe aliingia na mashine begani, mkono mmoja umeshika mfuko. Aliiegesha mashine mahali pake, akaurudia mkoba uliokuwa bado mlangoni, akaukunja mdomo wake kwa mguu, akausukuma chini ya kitanda. Kisha akauweka ule mfuko kwenye mapaja ya mama yake.

Yalikuwa machungwa.

Bibi alitoa moja, akalinusa, akamtazama mwanawe kutoka chini hadi juu.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, mama."

Alifikiri kidogo juu ya jibu hilo, kama mtu anayeonja chumvi, akaliona limekaa sawa.

"Basi menya," alisema.

Mwanawe alikwenda jikoni kuchukua kisu. Hakuuliza kilipo.